Mguu Uliobaki

Miaka minne ya mwanzo hatukusalimiana. Yeye alikuwa fundi cherehani, mimi nauza mitumba, na fremu zetu pale sokoni Makambako zilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao hata kikohozi kilipita. Kwake mimi nilikuwa adui wa kazi. Kila belo nililofungua lilikuwa rundo la magauni ambayo hayatashonwa tena na mtu. Asubuhi alifagia vipande vyake vya vitambaa, akavisukuma mpaka mlangoni kwangu, akaviacha hapo na kurudi kukaa. Mimi nami nikavifagia kumrudishia. Wanawake wawili wazima, washarika wa kanisa moja, Jumapili tunashiriki Chakula cha Bwana na Jumatatu tunasukumiana takataka.

Nitamwita Fundi tu, maana ndivyo tulivyomwita wote. Hata mchungaji alipomwombea madhabahuni alisema "Fundi wetu". Jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza hospitalini Njombe, na nikageuka kutazama nani anaitwa.

Sikuanza kuandika haya kwa sababu alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali, mbishi, na mdomo wake ulikuwa na sindano nyingi kuliko kile kimto chake cha kuchomekea sindano. Naandika kwa sababu mwishoni mwa maisha yake zilikuwapo siku tatu ambazo nilijua jambo juu ya mwili wake, mwanawe hakulijua, nami nikanyamaza kwa kuwa aliniomba ninyamaze. Nitafika huko. Ila sitaki ajulikane kwa siku hizo tatu peke yake, kwa sababu mimi nilimfahamu miaka kumi na tisa.

Kilichotupatanisha ni koti. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Kidugala alinunua kwangu koti la sufu lililomzidi mwili, akalipeleka kwa Fundi apunguziwe. Baada ya muda nikasikia kimya upande wa pili. Cherehani ya Fundi haikuwa na tabia ya kunyamaza mchana, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Kisha sauti ikapita kwenye mbao.

"Wewe wa mabelo. Njoo uone."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka minne. Nilimkuta amelifumua koti bitana, amelilaza mezani upande wa ndani ukiwa juu, na anapitisha kidole kwenye mshono wa kola taratibu. Alinionyesha jinsi kitambaa kilivyokunjwa mara mbili mahali ambapo hakuna mvaaji angewahi kupaona. Akasema aliyeshona lile koti hakuwa na haraka na mtu. Nilimwambia kwamba kumbe mitumba nayo ina heshima yake, akanitazama kama nimemtukania mama yake, akanifukuza. Lakini belo lililofuata alikuwa wa kwanza kufika, mikono nyuma, anasema anapita tu. Alizigeuza nguo moja baada ya nyingine, akasoma mishono, hakununua hata soksi. Tangu hapo akaniita Mama Mabelo, na jina likanishika kiasi kwamba hata walimu wa wanangu hawakunijua kwa jina lingine.

Hadharani hakubadilika. Kwenye mikutano ya umoja wa wanawake, ambao yeye alikuwa mwenyekiti wake, aliendelea kuwaonya mabinti wasivae nguo za marehemu wa nchi za watu. Mimi nilikaa benchi la pili nikiwa nimevaa sweta aliyonichagulia mwenyewe kwenye belo la juzi yake. Akinitazama wala haoni haya.

Ndivyo alivyokuwa katika mengi. Alipiga vita pombe kwa nguvu zake zote, na msimu wa mvua ulanzi, ule utomvu wa mianzi, ulipokuja mjini kutoka vijijini, chupa yake ya chai haikuwa na chai. Alisema ule ni mtogwa, bado mtamu, haujafika kuwa pombe, na mwenye kujua pombe inaanzia saa ngapi ni Mungu peke yake. Nilipomwuliza mbona basi anauficha nyuma ya cherehani, akasema mwanamke mwenye akili haweki kila kitu dirishani.

Kuhusu kazi, alikuwa na sheria moja. Nguo haikutoka kwake mpaka mteja aigeuze ndani nje mbele ya macho yake. Wengi walikuja mbio, wanataka kulipa na kuondoka wawahi gari, naye anawashikilia pale, "Geuza. Geuza uone ulichonunua." Nje kila mtu anaweza kudanganya kwa pasi, alisema, upande wa ndani ndiko fundi anakojulikana. Kuna bibi harusi mmoja, binti wa mzee wa kanisa, aliyechelewa ibada yake ya ndoa kwa sababu Fundi alikuta mstari mmoja umepinda ndani ya kiuno cha gauni. Hakuna ambaye angeuona, labda bwana harusi, na yeye siku hiyo angekuwa na mambo mengine ya kutazama. Fundi akafumua kiuno chote, akakishona upya, huku mama wa binti analia na mchungaji anatuma watu. Gauni lilipokwisha akasema ndoa ya miaka hamsini haiwezi kushindwa kusubiri saa moja. Nilimcheka wiki nzima. Hakucheka.

Aliwapima wateja kwa ukali uleule. Makambako kuna upepo, na Juni mpaka Agosti watu wanavaa vitu juu ya vitu, kwa hiyo mtu alikuja kupimwa akiwa na sweta mbili na koti. Fundi alimwambia avue. Mtu anasitasita, pengine sweta ya chini imetoboka. "Mficha uchi hazai," alisema Fundi, na futi yake mkononi, "vua, baba, hapa ni kwa fundi." Walivua wote, hata diwani alivua.

Sasa huyu ndiye mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakumwonyesha mtu kidonda.

Ushonaji wake ulikuwa wa miguu. Vijana wa siku hizi wana mashine za umeme zinazolia kama nyuki, naye alikataa katakata kununua. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na alivua kiatu cha kulia kila alipoanza kazi, akakanyaga kwa mguu mtupu. Alisema kiatu kinamfanya asisikie uzi. "Mguu ndio unaoshona," aliwaambia wanafunzi wake, "mkono unaonyesha njia tu." Na kwa kuwa mguu mtupu Julai ya Makambako si mchezo, aliweka jiko dogo la mkaa chini ya meza, karibu na kibao cha kukanyagia. Mimi mwenyewe nilivuka mara nyingi kwenda kupasha mikono pale. Mafundi wengi wa soko letu wanafanya vile, na hatukuona ubaya.

Ila Fundi alikuwa na kisukari, na kisukari kilikuwa kimeshazila hisia za nyayo zake bila kumwarifu. Siku moja ya baridi kali mguu uliegemea lile jiko, ukaungua vidole viwili, naye akaendelea kushona. Aliona alipotaka kuvaa kiatu. Akapaka asali, akavaa soksi, akanyamaza. Wiki mbili baadaye kukawa na harufu. Nasema kwa aibu kwamba wote tuliilaumu mitumba yangu. Jirani wa upande wa tatu aliniambia nipeleke lile belo jipya juani, nami nikalianika siku mbili nzima, na Fundi akaniangalia nikianika bila kusema neno. Tulipojua ukweli, weusi ulikuwa umeshapita kifundo cha mguu.

Nataka nieleweke. Hakuwa mtu wa kudharau hospitali. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho kwa upasuaji, ni yeye aliyenisindikiza Njombe, akalala sakafuni juu ya kanga siku nne, na manesi walimwogopa kuliko walivyomwogopa daktari. Jirani akikohoa wiki, yeye ndiye wa kumsukuma akapime. Hospitali kwake ilikuwa mahali pazuri sana pa watu wengine.

Walimkata mguu wa kulia chini kidogo ya goti. Hakulia. Aliuliza tu mguu wenyewe uko wapi, na mwanawe, ambaye ana gereji karibu na stendi, alipomwambia unaweza kuchukuliwa ukazikwe, akaagiza uende Lupembe, kwenye shamba la chai la wazazi wake. Mwanawe na wajomba wawili waliupeleka wakauzika kwa adabu, sala fupi, udongo. Waliporudi kumpa habari wodini, alitikisa kichwa kuridhika, akaniambia mimi niliyekuwa namchana nywele, "Basi nimeshatanguliza mguu mmoja." Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua tunacheka nini. Wakati ule nilifikiri ni utani tu.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwapo, pamoja na mwanawe na mkwewe, mke wa huyo kijana. Sista wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alitueleza yote bila kuruka kitu. Alisema mtu aliyekatwa mguu damu yake iko tayari kuganda, kwanza kwa sababu ya kisu chenyewe, pili kwa sababu ya kulala. Ndiyo maana walikuwa wanamchoma zile sindano ndogo za tumboni kila siku, na kwa kuwa zimekwisha, kilichobaki ni yeye kujisaidia. Asilale kutwa. Akae, asimame na magongo, anywe maji, na mguu uliobaki auchezeshe kila saa. Sista akashika unyayo wake wa kushoto akamwonyesha: kanyaga, achia, kanyaga, achia. "Kama unashona, bibi," alimwambia. Kisha akatutazama sisi. Kigimbi kikivimba, kikiuma, kikiwa cha moto, au pumzi ikimpungukia, mrudini siku hiyohiyo, msingoje kesho.

Fundi alijibu "ndiyo, mwanangu" kila mahali palipotakiwa ndiyo. Baadaye, nikikumbuka uso wake, naona alisikia maneno mawili tu, mguu na kurudi.

Na sisi tuliosikia yote, tulifanya nini? Tulimpenda vibaya. Sina namna nyingine ya kulisema. Umoja wa wanawake walipanga zamu. Wa asubuhi aliosha vyombo, wa mchana alipika, wa jioni alikuja na uji na wimbo. Walimlaza kwenye kitanda kilichosogezwa sebuleni ili wageni wamwone, wakamfunika mablanketi matatu, na kila alipojaribu kuinuka mmoja alimrudisha kwa upole: tulia mama, umehangaika miaka mingi, sasa ni zamu yetu. Kwetu ukimwacha mzee aliyekatwa mguu ajiinukie mwenyewe kuchota maji, utaongelewa mpaka Bulongwa. Magongo yaliegemezwa nyuma ya mlango ili yasimtie majaribuni. Yeye naye alipunguza maji ya kunywa, kwa sababu kila glasi ilikuwa safari ya chooni, na kila safari ya chooni ilikuwa wanawake wawili kumbeba.

Cherehani iliondolewa. Mwanawe alikuwa ameileta nyumbani kutoka sokoni, akaiweka chumbani kwake mwenyewe na kuifunika shuka, asije mama akaiona akatamani. Kijana alifanya kwa huruma tupu. Nilimsifu kwa hilo. Nilimwambia amefikiri kiutu uzima.

Mimi nilikuwa na zamu yangu, nayo haikuwa kwenye orodha ya kanisa. Fundi alikataa mkwewe asimwogeshe. Alishikilia mila za zamani, kwamba mkwe haoni mapaja ya mama mkwe, na wale wanawake wa umoja, alisema, wana midomo. Kwa hiyo nilifunga fremu saa tisa, nikaenda kumwogesha, mlango ukiwa umefungwa na mkwe akiwa uani. Nilimwosha uso, mgongo, nikasafisha kigutu kama tulivyofundishwa. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Wakati huo tuliongea sana kuliko miaka yote. Aliniuliza belo la wiki lilikuwa na nini, nami nikamweleza kila nguo, mishono yake, vifungo vyake, na nilipokosea jina la mshono alinisahihisha akiwa amefumba macho.

Siku ya Alhamisi, wiki ya pili tangu arudi, niliteremsha blanketi nikaona kigimbi cha kushoto kimejaa. Ngozi ilikuwa inang'aa. Nilipogusa, kilikuwa cha moto, naye akavuta pumzi kwa meno. Nilimtazama, akanitazama.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Nimeona mguu umevimba, Fundi."

"Hujaona kitu, Mama Mabelo."

Nilimkumbusha maneno ya sista. Akanishika kifundo cha mkono, na mikono yake ilikuwa bado na nguvu ya mkasi. Akasema kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mkwe aliyekuwa uani, kwamba wa kwanza nao ulianza hivihivi, ukavimba, ukawa wa moto, wakaja madaktari wakauangalia, wakasema tutaona, na walichokiona ni msumeno. "Mmoja nimeutanguliza Lupembe. Huu nao wakiuchukua, nitabaki nini? Mto wa kochi? Wawe wananihamisha wakifagia?" Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kunifanyia miaka yote. Aliniomba. "Nipe siku chache. Ni baridi tu hii, imeingia kwa sababu mwenzake hayupo. Uukande tu, itatoka. Usimwambie mwanangu."

Ningeweza kusema sikujua. Watu wengi wameniambia niseme hivyo. Lakini nilimsikia sista kwa masikio yangu haya, na alisema siku hiyohiyo. Nilinyamaza kwa sababu aliyeniomba alikuwa Fundi, ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa mtu, na nilijiona nimepewa heshima kubwa. Nilijivuna. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ndani ya hofu yangu kulikuwa na majivuno kidogo, ya kuwa mimi ndiye niliyeaminiwa.

Nikachemsha maji na chumvi. Nikaukanda ule mguu kwa kitambaa cha moto, nikaupaka dawa ya kuchua, nikaukamua kwa vidole vyote kuanzia kifundo kwenda juu kama tunavyokamua miguu ya watu waliotoka shamba. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Alisema anasikia nafuu. Jumamosi nilimvalisha soksi ndefu ya sufu niliyoitoa kwenye belo, ikaficha uvimbe, na mwanawe alipoingia kumsalimu akasema mama leo umependeza. Fundi akanikonyeza, nami nikacheka.

Jumapili, nilipopita nikitoka kanisani, nilimkuta ameegemezwa kwenye mito, na mkwe anampepea. Nje kulikuwa na baridi ya ukungu. Fundi alikuwa anaongea vipande vipande, neno, pumzi, neno, na midomo yake imebadilika rangi. Mkwe aliniambia mama anasema kifua kinambana tangu wakati wa ibada, walifikiri ni uji umemkaa vibaya. Nikainua blanketi mbele ya mkwe, mila au hakuna mila, nikavuta soksi. Mkwe akaweka mkono mdomoni. Nikatoka uani nikampigia simu mwanawe, nikamwambia alete gari sasa hivi, lolote lenye mafuta, na aniulize maswali baadaye.

Makambako mpaka Njombe si mbali, na siku ile nilikijua kila kilima. Alikaa kiti cha nyuma kichwa chake kifuani kwangu. Mwanawe alikuwa anaendesha akitazama kwenye kioo, akisema vumilia mama, tunafika mama, na kila aliposema mama mimi nilitamani nishuke. Fundi njia nzima alikuwa ameshika pindo la kanga yangu, anapitisha kidole gumba kwenye mshono, mbele na nyuma.

Walimpokea haraka. Wakamvika kinyago cha oksijeni, wakamlaza kwa kumwinua kifua, na daktari, dada mdogo mwenye miwani, akaja akaushika ule mguu mara moja tu akajua. Alituvuta pembeni, hatua mbili tatu kutoka kitandani. Alieleza kwamba damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na inaonekana donge limechomoka likapanda mpaka mapafuni. Wanaanza dawa sasa hivi, lakini hali ni mbaya, na tuombe. Akauliza mguu umevimba tangu lini.

"Leo, daktari," alisema mwanawe. "Jana alikuwa mzima kabisa."

"Tangu Alhamisi," nilisema.

Kijana aligeuka akanitazama. Amelelewa vizuri yule. Hakunitukana, hakuniuliza, alinitazama tu, mama mdogo wake wa miaka yote, kisha akatazama sakafu. Daktari akauliza kama kuna mtu aliyekuwa anaukanda. Nikasema ni mimi, siku tatu, kwa maji ya moto. Aliandika. Akasema kwa upole kwamba mguu wa namna ile haukandwi, donge linaweza kung'oka. Upole ule sikuuhitaji. Ningependa anipige kofi.

Fundi alikuwa anatutazama. Aliinua mkono akaniita, nikarudi kitandani nikainama. Akasogeza kinyago pembeni.

"Muulize," alisema.

Sikuhitaji kuambiwa niulize nini. Nilimwita daktari nikamwambia bibi anataka kujua kama na huu mtaukata. Dada yule alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akamweleza kama anavyoeleza mtu mwenye akili zake. Kwamba hapana, huu haukatwi. Ule wa kwanza uliungua na kuoza. Huu hauna kidonda, una damu iliyoganda ndani, na dawa yake ni sindano, zilezile ndogo za tumboni alizozizoea, na baadaye vidonge.

"Hata ningekuja Alhamisi?" aliuliza Fundi.

"Ungekuja Alhamisi ndiyo ingekuwa rahisi zaidi, bibi. Sindano, siku chache hapa, unarudi nyumbani na mguu wako."

Fundi alimwangalia muda mrefu, jinsi alivyowaangalia wateja waliomtajia vipimo vyao wenyewe. Aliamini. Nilimwona akiamini. Kisha akageuza macho kwangu, na hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa yameshangaa tu.

"Mama Mabelo," alisema, neno, pumzi, neno. "Sasa sisi tulikuwa tunaficha nini?"

Nilikuwa nalia. Nilimrudishia kinyago puani kwa mikono miwili, kwa sababu oksijeni ilikuwa inapotea bure, nikamwambia nyamaza, Fundi, pumua. Alinitii. Sindano waliyomchoma haikupata muda wa kufanya kazi, na kabla ya saa kumi jioni alikuwa ameondoka, mwanawe upande mmoja na mimi upande mwingine. Hakusema kitu tena. Neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu ni kwamba anyamaze.